Manowari zote zimekuja kwetu

Tatiana weee! Bwana yangu Kitenge, aibu gani hii!

Ule mchezo wa kompyuta wa vita vya manowari aliokuwa anaubadilisha, leo ameuonyesha kwa patron, bosi anayetafuta mutu wa kazi. Koloni yetu, Katanga, ameipa thamani kushinda zote, na kompyuta inatuma meli penye thamani kubwa. Majivuno tu! Tena amebadilisha sheria ya uvamizi: askari wanashuka pwani ya Angola, wanapanda treni mpaka Dilolo, mpakani kwetu.

Manowari zote zikageuka. ZOTE! Patron anacheka: "Tata, kwenu kumekwisha!"

Kitenge akashusha thamani mpaka sifuri. Hakuna aliyevamia. Lakini meli za unga nazo zinafuata thamani: hata moja haikuja, watu wa koloni wakaisha kwa njaa.

Kazi imepewa mwengine. Sasa Kitenge amempakata mutoto wetu, ananiuliza: "Mama Shekina, niweke thamani ngapi, batuache tuishi?"