Mkwe Wangu Anadhani Nilikuwa Fundi wa Magari Burma

Mpendwa mshauri wetu Bi Mwanakhamisi,

Pokea salaam zangu kutoka Ilomba hapa Mbeya, na ukishazipokea tafadhali kaa kitako, maana jambo langu ni zito na siku zimebaki chache.

Mimi ni Isakwisa, mtu mzima wa miaka thelathini na sita, mume wa Yudith, na hapa nyumbani tangu mwezi uliopita hakuna anayezungumza habari nyingine ila safari, kwa sababu shemeji yangu Asukile, anayefundisha shule huko Ilula mbele ya Iringa, anamwoa binti wa Mzee Kalinga Jumamosi ya tarehe tano Oktoba, na baba mkwe wangu, Mzee Anyitike, amekwisha tangaza kanisani kwamba safari hii hatupandi lori la mtu, tunakwenda na gari letu wenyewe! Gari lenyewe ni jipi la jeshi, la tangu wakati wa vita, aliloachiwa na Mzungu mmoja mkulima wa kahawa aliyerudi kwao, nalo limekaa miaka miwili migombani kuku wakitagia kwenye kiti, lakini Bi Mwanakhamisi, siku tulipolisukuma likakohoa, likatoa moshi mweusi, likawaka, mama mkwe alipiga vigelegele mpaka majirani wakadhani kuna mtoto amezaliwa, na mimi mwenyewe machozi yalinitoka.

Sasa dhambi yangu ni hii. Niliporudi kutoka Burma nilitaka kumwoa Yudith, nikamwambia baba yake kwamba kule vitani nilikuwa dereva na fundi wa magari, kumbe nilikuwa mpishi, kazi yangu kumenya viazi na kukoroga maharage ya askari wa Keya, jeshi la Mwingereza, na gari nililipanda nyuma pamoja na magunia. Kuendesha nimejifunza baadaye, kidogo tu, kwa trekta la shamba la chai Tukuyu. Uongo ule nimekaa nao miaka kumi na moja bila kunidhuru, maana hatukuwa na gari. Mzee akanikabidhi ufunguo akasema, "Mwanangu, fundi ni wewe. Utufikishe Ilula." Nikaupokea kwa mikono miwili.

Bwana Halfani, mwenye gereji karibu na soko la Mbeya, alikuja kwa wema wake kulitazama, nikamjibu mbele ya watu, "Wewe shughulika na baiskeli zako, magari ya vita yana wenyewe." Akaenda zake. Basi nimelifungua peke yangu, nimelifunga, na nati nne na kijibomba kimoja vimebaki mkononi, sijui vilitoka wapi, nimevificha kwenye kopo. Chombo cha mafuta ya breki kilikuwa kikavu, nikakijaza mafuta ya injini, nikajiona nimefanya kazi kubwa.

Jumanne iliyopita tulikwenda kulijaribu mpaka Mbalizi, mimi na Mzee, watu wanatupungia mikono njia nzima, na raha yake siwezi kuieleza. Kwenye mteremko nikakanyaga breki, mguu ukazama mpaka sakafuni kama nimekanyaga uji, na mbele yetu wanawake wamejitwisha ndizi, honi haifanyi kazi, nikapiga kelele kwa kinywa changu, nikakata kona, tukapanda kichuguu tukasimama pua juu. Mzee akaokota kofia yake, akaipangusa, akasema, "Umeona! Hiyo ndiyo akili ya Burma!" Sasa anawasimulia watu wote, na watu sita wamekwisha pewa nafasi, na mmoja wao ni Yudith wangu mwenye mimba ya miezi mitano.

Nikisema kweli nitaaibika na safari itavunjika, nikinyamaza naiogopa ile miteremko. Nakusihi, nifundishe namna ya kutengeneza breki hizi mwenyewe bila mtu kujua.

Isakwisa, Ilomba, Mbeya, 12 Septemba 1957

JIBU

Namna hiyo haipo, Bwana Isakwisa. Nimekujibu kwa posta siku ile ile niliyopata barua yako, nisingoje gazeti, na haya ndiyo niliyokuandikia.

Marehemu mume wangu aliendesha lori kati ya Iringa na Mbeya, nami nilikaa kando yake miaka tisa, kwa hiyo usidhani unazungumza na mwanamke asiyejua pedali. Mafuta ya injini kwenye breki! Yanavimbisha raba za ndani ya breki mpaka zinalegea kama ubwabwa, na raba ikilegea breki hakuna. Mungu aliwaonea huruma wale wenye ndizi, wewe ukapokea sifa.

Furaha yako naielewa, na nakwambia kweli, nilipofika pale pa kuku kutagia nilicheka peke yangu. Lakini umechukua furaha ya watu sita ukaiweka juu ya neno lisilo kweli. Leo hii, kabla hujala chakula cha mchana, mwambie Yudith. Yeye amebeba mtoto wako. Kisha nendeni wawili kwa Mzee, ukae chini, na usianze kuzunguka na habari za Burma, anza na breki: kule Mbalizi hazikushika, kosa ni langu, sikuwa fundi, nilikuwa mpishi. Akikugombeza, nyamaza. Wala upishi usikutie haya, hakuna askari aliyefika popote kwa njaa.

Kutoka hapo nenda kwa Bwana Halfani. Ulimtukana mbele ya watu, basi mwombe radhi mbele ya watu, na umpelekee lile kopo la nati, yeye atajua kwao. Magurudumu yote manne yafunguliwe, mafuta yamwagwe, mabomba yasafishwe, raba zitiwe mpya, na mafuta ya breki yenyewe. Mipira ya rejeta, ile inayopitisha maji ya injini, iminywe kwa mkono, ukikuta mgumu kama kuni utupe, utapasuka mlimani. Springi zitazamwe vizuri, maana barabara ya kutoka Chimala inatikisa mpaka meno. Mchukue tairi mbili za akiba, pampu, viraka na gundi, jeki na kipande cha ubao cha kuiwekea chini, kamba, jembe, na madebe mawili ya maji yasiyoguswa na mtu wa kunawa. Honi iwekwe! Jipi libebe dereva na watu wanne tu, wengine watangulie kwa basi. Yudith akae mbele, na ashuke mara kwa mara anyooshe miguu. Mteremko uteremke kwa gia ile ile ambayo ungeupandia. Na aendeshe anayejua, wewe ukae nyuma yake ujifunze.

Raba zikikosekana kabla ya siku ya safari, jipi libaki migombani nanyi nyote mpande basi. Asukile haoi gari.

Hayo ndiyo niliyomwandikia. Wasomaji wangu, wiki hii nimepata barua ya mke wake. Isomeni.

Bi Mwanakhamisi, ndaga sana, yaani asante kwa Kinyakyusa chetu. Mume wangu aliponiambia nilicheka, kisha nikakasirika, kisha nikacheka tena, maana miaka yote nilijiuliza kwa nini fundi wa magari anapika wali kunishinda. Baba hakucheka. Siku mbili hakuitikia salaam yake. Siku ya tatu alikuja akamkuta Bwana Halfani amelala chini ya jipi na mume wangu anampa spana, akavua koti, naye akainama kutazama.

Raba zilipatikana siku tatu kabla ya safari. Tuliondoka Alhamisi alfajiri, Bwana Halfani anaendesha, mimi mbele, na njia nzima mama aliimba, hata Sao Hill kwenye baridi ile! Tulipasua tairi mara mbili. Kwenye mteremko wa kuingia Ilula sote tulishika vyuma, breki zikashika, jipi likashuka polepole kama ng'ombe anayekwenda mtoni, na wanawake wa Kihehe walikuwa wamejipanga njiani kutupokea kwa nyimbo.

Mzee Kalinga akauliza ni nani dereva aliyeleta mtambo mkongwe namna hii kutoka Mbeya. Nilimwona mume wangu akiinamisha kichwa. Baba akasema, "Dereva ni Bwana Halfani. Na huyu ni mkwe wangu Isakwisa, aliyeniambia kweli gari likiwa bado limesimama."

Mzee Kalinga akampa mkono mume wangu kwanza.

Yudith