Silinda ya Saizi ya Mwisho

Jumatatu, 3 Machi

Injini ya pikipiki ya Baba iko mezani, imefunguliwa yote. Silinda imekwaruzika lakini inachongeka. Leo nimenunua pistoni, orijino, saizi ya kwanza juu ya ile ya kiwandani. Pistoni kwanza, kuchonga baadaye — mchonga vyuma anaifuata pistoni, siyo kinyume chake. Ndivyo Baba alivyonifundisha, enzi macho yake yakiona. Ikiwaka, pikipiki ni yangu. Kaniahidi mwenyewe. Basi kwaheri kusambaza maziwa kwa miguu!

Kaka karudi jana na begi lake. Kazi imeisha huko alikokuwa. Kaniuliza pikipiki itakuwa tayari lini. Swali hilo sikulipenda.

Jumatano, 5 Machi

Mjinga! Mimi nasambaza maziwa, Kaka kaibeba silinda mpaka kwa mchonga vyuma, pistoni kaiacha kabatini. Kachongesha moja kwa moja hadi saizi ya mwisho. Eti tundu kubwa, nguvu nyingi. Pistoni yangu sasa ni ndogo, na silinda haichongwi tena. Ikikwaruzika, ni chuma chakavu. Nilitaka kulia, nikaosha madumu.

Alhamisi, 6 Machi

Baba kaipakata silinda, kaitumbukiza pistoni yangu. Ikienea huwa inateremka polepole, kwa kujivuta. Leo imedondoka hadi kiganjani mwake. Kauliza nani kaichagua. Kaka kajibu, bila hata kumeza mate:

"Ni yeye, Baba. Kanunua mwenyewe."

Kweli tupu! Hapo ndipo aliponiweza. Nikaeleza habari ya kuchonga. Baba kasema nisimsakame kaka yangu, mtu ndiyo kwanza kapoteza kazi. Halafu: "Nilidhani umeshaijua kazi. Mwache mwenzako amalizie."

Miaka yote hii mimi binti yake nimekuwa macho yake. Imeniuma, acha niseme.

Jumamosi, 8 Machi

Kaka kapata pistoni ya saizi ya mwisho, haina hata jina la aliyeitengeneza. Kafunga injini peke yake, akipiga mluzi. Pikipiki ataendesha yeye — wameamua wakati nakoroga chai, sikuulizwa. Kazi yangu imebaki kufuta meza.

Chini ya tambara nimekuta klipu. Kijiwaya kama pete ya mtoto, hukaa ubavuni mwa pistoni kuzuia pini inayoishikilia isichomoke. Mpya kabisa. Kaisahau. Pini ikichomoka itaichana silinda, na nafasi ya kuchonga haipo tena.

Anapiga kiki uani. Haiwaki. Nikisema, nitaambiwa nina kijicho. Nikinyamaza —

Imewaka! Baba anacheka. Sijamsikia akicheka hivi tangu macho yalipofifia. Ananiita: "Mama, njoo usikie!"

Klipu iko kiganjani mwangu. Kaka anatia gia.