Shati la Lusungu

Matar, haki ya Mungu hii ni kweli tupu. Leo sijatia chumvi hata punje.

Wamempiga Lusungu, yule kijana fundi cherehani jirani yangu. Hapa hapa Temeke, mchana kweupe. Kosa lake ni shati la mtumba lenye rangi za upinde wa mvua na nembo ya benki ya Ulaya. Rogers muuza mkaa kamvunjia tofali mgongoni. "Shati la mashoga hili, nani kakutuma?"

Tofali, Matar. Mgongoni.

Nikajitupa katikati. Nikasema shati langu hilo, tuligawiwa makuli wote wa bandarini Kurasini enzi zangu, kila rangi na gati lake. Wakanisikiliza, unanijua nikianza.

Nikamnong'oneza Lusungu, "Hukujua maana yake?"

Akatema damu. "Najua, babu. Benki yenyewe siku hizi inaogopa, imeacha kuyagawa mashati haya kwenye maandamano ya mashoga huko kwao. Lakini kuna mtu alilivaa hili barabarani, akacheza, akarudi kwao mzima. Nilitaka kuvaa nguo ya mtu huyo."

Na mie ndiye niliyekuwa nasema maandamano yale ni biashara ya wazungu tu.

Rogers akaleta simu. Kwenye video watu wanacheza barabarani na shati lile lile. "Babu, hawa ndio makuli wa Kurasini?"

Ngumi yake ikaondoka na meno yangu mawili. Wote wakanigeukia mie, Lusungu akaruka ukuta.

"Kiri umetudanganya."

Nikakiri, Matar. Polepole, nikianzia mbali kama kawaida yangu, huku mateke yakinishukia, mpaka kijana akapotea kabisa.