Shimo la Kifusi Nyuma ya Nyumba Yako

Dada Atu,

Mwenyekiti wetu wa kijiji ametangaza kwamba wewe uliuawa na madereva wa malori. Nakwambia ili ucheke huko uliko. Alisimama mkutanoni, tumbo mbele, akasema malaria imeletwa na wageni wanaopandisha na hii lami mpya kutoka Kyela na kulala hapa kwetu Nkunga. Watu wakapiga makofi. Wajinga wakubwa! Haya, tuseme wageni wamekuja nayo kwenye damu. Mbu wa kuitoa kwao na kutuletea sisi, kamfuga nani?

Lile shimo walimochimba kifusi cha kujengea barabara bado liko wazi nyuma ya nyumba yako, maji tele. Mkandarasi alitaka kulifukia kabla hajaondoka, sisi werevu tukamwomba aliache, eti tumepata bwawa. Ni wewe peke yako uliyesimama: "Jamani, mimi niliishi Kyela nilipoolewa, maji ya namna hiyo nayajua. Yafukieni." Mwenyekiti akajibu kwamba mbu wa Kyela akifika huku anakufa kwa baridi. Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Tulipoambiwa tunyooshe mikono, wa kwanza kwenda juu ulikuwa wangu, kwa sababu nilitaka mahali pa kuoshea bodaboda. Uliniona, dada.

Na ulipoanza kutetemeka, ukasema mwenyewe, "Lusajo, hii ni malaria." Nikakujibu, malaria gani huku kwenye baridi, hayo ni mafua. Siku tatu nakunywesha chai ya tangawizi! Tulipokufikisha hospitali mjini Tukuyu ilikuwa imeshapanda kichwani, hukunitambua hata jina. Mungu wangu, dada.

Sasa tumegawiwa vyandarua. Jirani yako, yule aliyelia kuliko wote kwenye msiba wako mpaka akashikwa na watu wawili, chake amefunikia kitalu cha kabichi. Kabichi zake haziumwi malaria, hongera zake. Wanawe wawili wana homa tangu Jumapili.

Neema wako ninaishi naye mimi. Jana tukiwa tunamenya ndizi akaniuliza, "Mjomba, ni nani waliotaka shimo libaki?" Nilikuwa na majina ya kijiji kizima mdomoni, na la mwenyekiti mbele. Nikamwambia, "Mimi ndiye niliyenyoosha mkono wa kwanza." Hakulia. Aliweka kisu chini, akanitazama, akasema, "Sasa mjomba, unasubiri nini?"

Nimeazima toroli na koleo. Kesho asubuhi naanza, peke yangu kama hapana budi, na sitaenda kwenye mkutano wowote kuomba ruhusa ya wale watu. Pumzika, dada yangu. Sikuombi unisamehe sasa. Nitalifukia kwanza.

Mdogo wako,
Lusajo