Imani ya Nani Ilipungua?

Mshauri wetu, shikamoo. Nimekwama, naomba unikwamue kabla chuo hakijafunguliwa. Mimi ni mshonaji, mume wangu ni mzee wa kanisa, na binti yetu wa kwanza anasoma falsafa chuo kikuu, somo ambalo baba yake alilikubali shingo upande kwa sababu yeye alitaka mtoto awe mwalimu. Juzi ibada ya nyumbani ilikuwa kwetu, na jirani yetu msusi akaja, ndiyo kwanza ametoka kumzika mwanawe mchanga, akakaa karibu na mlango, na mwinjilisti wetu alipofika katikati ya mahubiri akasema mtoto yule angepona kama mama yake angekuwa na imani ya kutosha. Msusi akainamisha kichwa, sisi tukaitikia amina, hata mimi, kwa mazoea tu, na hapo binti yangu akasema kwa upole kabisa, "Samahani mwinjilisti, mkeo alipofariki, imani ya nani ilipungua?" Mshauri, mwinjilisti akafunga Biblia, akachukua kofia yake akaondoka, hata chai hakuigusa. Mume wangu alingoja wageni waishe ndipo akamwambia mtoto, "Hiyo falsafa imekula imani yako. Chuo hurudi mpaka utubu mbele ya kanisa," akachukua begi la binti akalifungia chumbani kwetu, na ufunguo anatembea nao. Binti anasema hawezi kutubu kwa kuuliza, "Mama, kichwa hiki Mungu hakunipa cha kusukia nywele tu," na Jumapili anakwenda kanisani kama kawaida, anaimba. Mimi niko katikati, na kusema kweli moyoni nilifurahi aliposema vile, sasa najiuliza kama hiyo nayo si dhambi. Je, elimu hii inamtoa mtoto wangu kwa Mungu?

Mama Njia Panda

Mama Njia Panda, pole. Mtoto hajatoka popote. Wewe mwenyewe umesema anaimba kanisani. Binti yako alimpinga mwinjilisti. Mumeo anamchanganya mwinjilisti na Mungu, na si wa kwanza kufanya hivyo.

Ila nisimpambe sana huyo binti. Alimtetea mfiwa mmoja kwa kumchoma mfiwa mwingine. Kuuliza si kosa, na chuo kimemfundisha kuuliza vizuri, lakini marehemu wa watu hakuwa wa kutolewa mfano pale sebuleni. Pengine mwinjilisti hujiuliza swali hilo kila anapolala peke yake. Basi binti aende kwake, nyumbani, si mbele ya kanisa, ampe pole ya mkewe na amwombe radhi kwa kumtonesha kidonda. Swali lenyewe asilifute, maana linahitaji jibu.

Mumeo mkalishe mkiwa wawili, bila kelele. Mwambie, "Baba watoto, imani ya kufungiwa kwa ufunguo itatufikisha wapi?" Akikaza shingo, nendeni wote kwa mchungaji, na wewe useme, usikae kama pambo la kiti. Chuo kikifunguliwa, mtoto aondoke, awe na begi au asiwe nalo.

Furaha yako wala haikunishtua. Kilichonishtua ni kwamba barua nzima umenieleza habari za ufunguo na chai, lakini msusi umemwacha pale mlangoni. Mama mwenzako aliambiwa mbele ya watu kwamba mwanawe alikufa kwa upungufu wake, nanyi mkaitikia amina! Tangu siku ile nani amebisha hodi kwake?

Kwa hiyo kabla ya hayo yote, kesho asubuhi, nenda. Usibebe mahubiri. Mwambie mlimkosea, kisha kaa naye. Akikuuliza kwa nini mwanawe alikufa, mwambie hujui. Na usiwe na haraka ya kuondoka.