Tela Dogo Ulilolichagua, Mama

Mama yangu wa Mwazye,

Shikamoo. Nilizoea kukuamkia kabla hata sijanawa uso, na tangu tukuzike mdomo bado unanitangulia. Juzi niliitamka shikamoo yako nikiwa peke yangu kando ya barabara ya Matai, nachemsha maji ya chai, na hakuna aliyeitikia marahaba. Ndiyo maana leo nimekaa kukuandikia.

Najua ungeanza kwa kuuliza habari za tela. Ni zima, mama. Linatembea.

Naiandika barua hii wazi, isomwe na watu ambao hawakukufahamu, kwa hiyo nivumilie nikieleza mambo unayoyajua. Mwanao Gaudensi, mume wangu, ni fundi wa mashine za kusaga. Kabla Skola wetu hajazaliwa, maisha yetu mimi na Gaude yalikuwa ndani ya Haisi. Aling'oa viti vya nyuma, akapiga kitanda cha mbao, akaweka jiko la gesi na kabati la vyuma vyake, tukawa tunazunguka Ufipa nzima: leo Laela, kesho Matai, tukilala palepale penye mashine iliyoharibika. Mimi nilitoka Mbozi, sikuwa na ndugu huku juu, na sikuona upweke hata kidogo.

Skola alipozaliwa, Haisi ikawa ndogo. Mtoto akaanza kutambaa, akashika grisi, akatia nati mdomoni. Gaude akapanga chumba mjini, mtaa wa Katandala, akasema mimi na mtoto tubaki hapo, yeye atakuwa anakuja. Lakini msimu wa mavuno mashine zinakufa kila kona, na kuja kwake kukawa kwa nadra. Alipokuja, Skola alimkimbia. Alimwona kama mgeni tu.

Ndipo ukaja wewe kutoka Mwazye na mfuko wako wa ulezi. Ulikaa nasi, ukatazama. Gaude aliporudi ulimkalisha juu ya ndoo iliyofudikizwa, maana viti havikutosha.

"Nyumba yenu imekuwa ndogo," ukamwambia.

"Mama, ile siyo nyumba. Ni gari."

"Mmelala humo miaka yote hiyo, leo unaniambia siyo nyumba? Nyumba ikiwa ndogo, watu wanaongeza chumba."

"Chumba cha gari kinaongezwaje?"

"Fundi ni wewe. Kikipatikana, nitalala humo na mjukuu wangu."

Nilidhani ni maneno ya kumtia mwanao aibu kidogo arudi nyumbani. Kumbe ulimaanisha. Ulikuwa na shamba Mwazye, ulikuwa na jumuiya yako na rafiki zako, na umri ule watu wanatafuta pa kukaa na kupumzika. Wewe ulikuwa tayari kupanda gari na kuishi barabarani ili mjukuu wako amjue baba yake.

Gaude akasikia kuna wajenzi wa barabara waliokuwa wanafunga kambi yao nje kidogo ya mji, wanauza vitu vya kambini. Tukaenda wote, wewe umembeba Skola mgongoni. Kwenye yadi yao kulikuwa na matela mawili ya kulala. Moja lilikuwa kubwa, jeupe, la magurudumu manne, lina jiko, choo chake, pazia na kioo kirefu cha kujitazamia. Nililipenda papo hapo. La pili lilikuwa na magurudumu mawili na dirisha moja, mlango wake mfupi hata mimi niliinama. Ndani kulikuwa na viti viwili vya mbao vinavyokutana kuwa kitanda. Nilisema lile ni banda la kuku, na muuzaji mwenyewe akacheka.

Gaude alilala chini, akachungulia ekseli na springi, akaligusa kila chuma. Akatoka na majani kichwani. "Hili kubwa litaimaliza Haisi," akasema. "Kwenye kushuka, tela ndilo litakuwa linaendesha gari." Nikanuna. Nikamwambia hajajaribu, atajuaje?

Wewe hukubishana na yeyote. Ulimshusha Skola, ukaingia naye kwenye lile kubwa, ukafunga mlango. Mimi ukaniambia nikakae ndani ya Haisi, nifunge na vioo. Nikakaa. Kimya. Baadaye ukatoka, ukaingia naye kwenye lile dogo, ukafunga tena, na mara nikamsikia mwanangu analia kama yuko mapajani mwangu. Nikashuka mbio.

"Umemsikia?" ukaniuliza mlangoni.

"Nimemsikia, mama. Ana nini?"

"Hana kitu. Nimemnyang'anya kijiko. Na kule kwingine nilimnyang'anya pia, alilia vilevile, hukuja." Ukamgeukia Gaude. "Mtoto bado ananyonya. Mama yake lazima amsikie. Tunachukua hili."

Pazia na kioo kirefu vikanitoka moyoni palepale. Gaude alikuwa amepima kwa injini, wewe ulipima kwa kilio cha mtoto, mkakutana kwenye tela moja. Nimeishi na watu wengi, mama, lakini sijaona mwingine anayeweza kumaliza ugomvi wa mke na mume bila kumpa hata mmoja ushindi.

Fundi wa kuchomelea akatuwekea chuma cha kuvutia nyuma ya Haisi, na mnyororo pembeni. Kazi ikabaki kujifunza. Kwenda mbele kulikuwa rahisi, rivasi ndiyo ilitutoa jasho. Gaude akikata usukani kulia, tela linakwenda kushoto. Akikazana, linajikunja kama mkono kwenye kiwiko. Tulikwenda kujifunzia kwenye uwanja wa mpira, na vijana wa Katandala wakakaa kwenye nyasi kama wamekuja kutazama mechi.

Siku hiyo ndiyo ulipojipa kazi ya utandiboi. Ulifunga kitenge chako kiunoni, ukachukua kabari ya mti ya kuzuia gurudumu, ukasimama nyuma ya tela mahali ambapo Gaude angekuona kwenye kioo.

"Njoo! Njoo! Njoo! Lete kwangu! Kidogo! Simama hapo hapo!"

Kijana mmoja akapaza sauti, "Bibi tandiboi! Mambo?"

Hukugeuka hata shingo. "Shikamoo kwanza. Mambo baadaye."

"Shikamoo bibi!" Waliitikia wote kwa pamoja, na walipoona umeshika kabari kweli na unaiweka kweli, wakainuka kuja kusaidia kusukuma. Jua lilipoegemea magharibi, Gaude aliingiza tela katikati ya milingoti ya goli kwa rivasi, na uwanja mzima ukapiga makofi. Wewe ulikung'uta mikono na kusema tumechelewa kupika.

Tangu hapo tukawa watu wanne barabarani. Usiku Gaude na mimi tulilala Haisi, wewe na Skola kwenye tela. Mwezi wa sita upepo wa Ufipa unapokata ngozi, ulimfunika Skola kwa blanketi lako na wewe ukajifunika koti la Gaude lenye harufu ya dizeli. Asubuhi nilikuta uji wa ulezi umeshaiva. Kila tuliposimama penye mashine, wanawake waliokuja na mahindi yao walilizunguka tela, wakigonga ukuta wake kwa kucha, wakicheka. Wewe uliwafungulia mlango kama mwenye nyumba ya vigae. "Karibuni. Vueni viatu." Na walivua, mama, wakaingia wawili wawili, wakakaa kitandani pako, wakatoka wameshakuwa rafiki zako.

Skola alijifunza kutembea akishika gurudumu la tela. Siku aliponyoosha mikono yote miwili akamwendea baba yake aliyekuwa amechafuka kwa oili mpaka kwenye nyusi, ulinitazama mimi, hukuwatazama wao. Nilielewa.

Ulikuwa na sheria moja tu: tela likitembea, ndani hakai mtu. Hata kuku uliyepewa zawadi alisafiri Haisi, miguuni petu, akitunyea viatu.

Siku ile karibu na Mwazye, mvua za kwanza zilikuwa zimeanza. Gaude alimaliza mashine mchana, akapigiwa simu kwamba kijiji kinachofuata, nyuma tu ya kilima, wamekwama. Skola alikuwa amelala kwenye tela baada ya kulia kwa homa ya meno tangu alfajiri. Mimi nilikuwa nimechoka hata kusema sitaki.

"Tumwache alale," Gaude akasema. "Mama yake akae naye humo. Ni hapo tu."

"Tela likitembea, ndani hakai mtu."

"Mama, ni hapo kilimani! Ukimwamsha atalia mpaka jioni."

"Acha alie. Mimi nitambembeleza."

Ukaingia, ukamnyanyua. Alipiga kelele za kuvunja moyo, akakupiga usoni kwa kiganja chake kidogo, na wewe ukapanda Haisi naye. Gaude alifunga mlango kwa nguvu. Tukaondoka, Skola akilia.

Kilima kilikuwa tope tupu. Haisi ilinguruma, ikateleza, ikashika tena. Katikati ya mpando nikasikia mlio kama wa bati linalopasuliwa, na gari likaruka mbele kwa wepesi wa ajabu. Nikageuka. Kupitia kioo cha nyuma nililiona tela letu linarudi kinyumenyume peke yake, mnyororo uliokatika unaburuzika kwenye tope. Lilikwenda polepole kwanza, kisha kwa kasi. Likaacha barabara, likapinduka, likatumbukia korongoni. Tulisikia vyombo.

Gaude alivuta breki, akashuka, akakaa kwenye tope. Mimi nilimnyakua Skola kutoka mikononi mwako nikamkumbatia mpaka akalalamika. Nilitegemea useme. Mtu yeyote angesema. Mimi mwenyewe ningesema, na ningekumbusha kila mwaka.

Wewe ulisimama ukingoni, ukachungulia chini. "Sufuria zangu," ukasema. Ukapandisha kitenge ukateremka korongoni, na tukasikia sauti yako kutoka huko chini: "Hii nzima! Na hii nzima! Kikaango kimepinda!" Ukaanza kucheka, na kicheko chako kikamwinua mwanao kutoka kwenye tope. Uliporudi juu ulimshika bega. "Simama, baba. Tukatafute watu tulivute."

Watu wa kijiji walikuja na kamba na maksai. Mlango ulikuwa umeng'oka na dirisha limevunjika, ila mwili wa tela ulikuwa mzima. Ng'ombe walilivuta mpaka barabarani, wewe ukitembea nyuma na kabari yako, ukiwaelekeza ng'ombe kama ulivyomwelekeza Gaude. Lile jeupe la magurudumu manne lisingetoka pale mpaka leo. Gaude aliliunganisha upya kwa chuma kinene, akaweka minyororo miwili, na kila asubuhi aliikagua kwa mkono. Kuhusu siku ile hakuwahi kukusikia ukisema, wala mimi.

Tuliendelea hivyo mpaka Skola akaanza shule na miguu yako ikaanza kuvimba. Ukasema sasa unataka kulala mahali pasipo na magurudumu. Tukakurudisha Mwazye, ukaumwa, ukatuacha. Kwenye maziko yako walikuja wanawake nisiowajua kutoka vijiji vya mbali, na kila mmoja aliniambia kwamba amewahi kukaa kwenye kitanda chako.

Sasa shule zikiwa wazi tunakaa Katandala, likizo zikifika tunafunga tela. Mimi nimepata leseni, mama. Navuta mwenyewe. Gaude anasimama nyuma kunielekeza, na mikono yake inapishana hata sijui anataka niende wapi. Skola ana kitanda chote peke yake, ila analala upande mmoja, ule wa ukutani.

Lakini kilichonifanya hasa nishike kalamu ni jambo la wiki iliyopita. Tulikwenda Mollo kwenye mashine ya mama mmoja mjane uliyekuwa ukipiga naye soga sana kwa Kifipa. Alinipa pole ya msiba, akanishika mikono, akasema, "Pole, mwanangu. Kufiwa na mama mzazi ni kazi."

Nikamwambia, "Ahsante. Ila alikuwa mama mkwe wangu. Aliyefiwa na mama mzazi ni fundi."

Akanitazama kama namdanganya. "Fundi? Fundi ndiye mkwe. Yeye mwenyewe alituambia. Alisema wewe ndiye binti yake, na huyu mwanaume amekuoa."

"Na hamkuuliza kwa nini sijui Kifipa?"

"Tuliuliza. Akasema ulilelewa mbali."

Gaude alikuwa chini ya mashine na spana mkononi. Akatoka taratibu. "Ndiyo maana wazee wa hapa hawakuwahi kunitania," akasema. "Miaka yote hiyo wananipa heshima ya mkwe, mimi nadhani ni kwa ajili ya ufundi wangu." Akacheka mpaka akakaa chini. Mimi sikuweza kucheka. Nilikwenda nyuma ya tela nikalia kilio changu, mama, maana kule Mwazye nililia kama mkwe, nikijizuia, nikiwaachia nafasi wenye mama yao.

Kwa nini uliwaambia hivyo, sijui. Hukuniambia, na siwezi tena kukuuliza. Kesho tunashuka Kasanga, kuna mashine inatungoja, na Skola ameshapanga nguo zake. Nitapita Mwazye kupalilia kaburi lako na kukuamkia kwa sauti, watu wasikie.

Pumzika vizuri, mama. Asante kwa kunizaa.

Binti yako uliyemlea mbali,
Mama Skola