Mikono Themanini ya Kushoto

Shangazi mshauri, Jumanne ya wiki iliyopita, kati ya saa nne na saa tano asubuhi, nilimpoteza mdogo wangu wa kike, pamoja na mikono themanini ya makoti ya wauguzi.

Mimi ni fundi cherehani, nilianza na mashine moja ya kuazima na leo ninazo sita, nina kisukari mwaka wa kumi na moja sasa na sindano ya insulini najichoma mwenyewe, siku hiyo nilijichoma saa moja nikasema chai nitakunywa nikimaliza kukata, nikasahau. Kitambaa chenye uso na mgongo hutandikwa uso kwa uso, ili mkasi ukipita utoke mkono wa kushoto na wa kulia, mimi nikatandika nyuso zote juu, nikakata mikono themanini, yote ya kushoto, na sijawahi kuwa na hakika kama siku ile. Mdogo wangu, tunayeshona pamoja, akasema, "Dada, umekosea, tena unatoka jasho. Hebu kunywa soda kwanza." Wateja watatu wananiambia nilimjibu, "Mumeo alikukimbia kwa mdomo huo huo." Mimi sikumbuki. Nakumbuka ladha ya maji ya sukari, yeye kanishika kidevu, kipimo cha sukari kinasoma 2.4, chini mno, halafu akavua tepu ya kupimia shingoni, akaiweka mezani, akaondoka.

Ameniuliza jambo moja tu, kupitia kwa mama: "Siku nyingine nikimwambia anywe, atakunywa?" Sijajibu, kwa nini nijibie kosa la ugonjwa? Ijumaa saa sita mchana anakuja kuchukua cherehani yake. Shangazi, nijibu kabla ya hapo, bila kuzunguka: aliyemtukana ni mimi au ni sukari?

Fundi wa Mashine Sita

*

Fundi, pole. Ni sukari. Ubongo unaitegemea, na ikishuka hivyo hesabu huvurugika, na ile akili ya kukuambia umekosea nayo huondoka. Ndiyo maana ulikuwa na hakika.

Sasa usifurahi. Sukari ilikushika kwa muda wa saa moja tu. Tangu hapo hadi leo ni siku tisa, akili unazo zote, na msamaha hujaomba. Hizo siku tisa ni zako.

Usijichome sindano ya chakula kama sahani haiko mbele yako. Ukiambiwa unatoka jasho, mkasi chini: nusu glasi ya juisi au vijiko vitatu vya sukari kwenye maji, dakika kumi na tano, pima tena, kisha ule. Hata namba ikipanda, akili huchelewa kurudi, kwa hiyo usikate kitu kabla ya saa nzima kupita. Na wiki hii mpelekee daktari vipimo vyako, aiangalie dozi, maana mwili wako umeacha kukuonya.

Anayekuonya amebaki mmoja, na ndiye unayemwacha abebe cherehani. Umenipa hadi Ijumaa saa sita nikujibu, nimekujibu. Na wewe nenda kwake kabla ya saa hiyo hiyo, kwa miguu yako, si kupitia kwa mama, umjibu: utakunywa, au hutakunywa?